Mpaka wa Hifadhi Ukisogea, Nani Anahesabiwa?

Kijana mwenye kopo la rangi nyekundu hutangulia. Anapiga namba kwenye shina la mkorosho, kimo cha kifua, na mthamini aliye nyuma yake anaita kwa sauti: "Mkorosho, mkubwa, mmoja." Karani anaandika. Mwenye shamba na mkewe wamesimama kivulini, mjumbe wa serikali ya kijiji amekunja mikono akishuhudia. Mti wa mwisho upande wa mashariki unapata namba yake. Mti unaofuata, mita 12 mbele, ni wa jirani. Haupati kitu, kwa sababu mstari wa mpaka mpya wa hifadhi umepita katikati ya mashamba hayo mawili.

Jirani naye yupo. Amekuja kuangalia. Hakuna anayemuuliza jina.

Uthamini wa ardhi inayotwaliwa huenda hivyo, iwe Liwale, Nachingwea au Nanyumbu, huku kwetu Kusini mwa Tanzania, na kwa kawaida macho yetu sote huwa kwa mwenye shamba lililopigwa namba. Atalipwa kiasi gani, lini, atahamia wapi. Ni maswali ya haki kabisa. Lakini kwa wiki kadhaa sasa anayenisumbua ni yule jirani. Mwenye namba ana fomu, ana picha aliyopigwa akiwa ameshika kibao mbele ya nyumba yake, ana ofisi ya kwenda kudai. Jirani anarudi nyumbani na mikorosho yake yote, na watu wanampongeza kwamba amepona.

Hajapona.

Huku kwetu mipaka imeshatembea

Wazee wa Liwale hawahitaji kufundishwa jambo hili. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya watu kutoka magharibi ya Liwale. Sababu rasmi ilikuwa malale, na ardhi waliyoiacha ikaunganishwa na Pori la Akiba la Selous. Bwana nyama (afisa wanyamapori) wa wakati huo, Constantine Ionides, ambaye wengi wanamkumbuka zaidi kwa nyoka wake, alikuwa miongoni mwa waliousukuma upanuzi ule kwa nguvu. Mbung'o walikuwepo kweli. Lakini malale yalipopungua, mpaka haukurudi ulikotoka.

Mwaka 2000 ikaja Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650, karibu theluthi yake ikiwa nchi kavu na vijiji vikiwa ndani. Huko hazikutwaliwa nyumba za watu. Ilikuja sheria ikawakuta walipo. Kisha 2019, zaidi ya kilomita za mraba 30,000 za Selous zikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mpaka unaweza usisogee hata hatua moja, na taratibu za upande wa pili zikabadilika.

Mwaka huohuo wa 2019 tuliona pia kinyume chake. Mwezi Januari serikali ilisimamisha kuondolewa kwa vijiji vilivyokuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, mawaziri wanane wakapewa kazi ya kupitia migogoro hiyo, na hatimaye ikatangazwa kwamba vijiji 920 kati ya 975 vitabaki vilipo. Kwa hiyo mstari unaweza kusogea pande zote mbili, kukiwa na nia.

Niseme wazi kwamba sipingi hifadhi kupanuliwa. Ukitazama ramani ya Kusini utaona mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule yamekaa kama visiwa kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji. Tembo anayetoka Liwale kwenda Ruvuma lazima apite kwenye mashamba ya watu, na kila mwaka mashamba yanaongezeka njiani. Vipande vichache vya ardhi vikiongezwa mahali sahihi vinaweza kuokoa ushoroba mzima, yaani njia ya wanyama kati ya hifadhi na hifadhi, na kuokoa mihogo ya watu pia, kwa sababu mnyama mwenye njia hana haja ya kupita uani kwa mtu. Ninachouliza ni namna ya kuongeza.

Karatasi zinavyotakiwa kwenda

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 4, ndiyo inayotawala ardhi ya kijiji inapogeuzwa kuwa ardhi ya hifadhi. Tangazo hutoka kwenye Gazeti la Serikali na kupelekwa kwa halmashauri ya kijiji. Lazima litaje mahali, ukubwa na mipaka, sababu kwa kifupi, na tarehe isiyopungua siku 90 kuanzia siku ya kutangazwa. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likifika hekta 250 au kuzidi, mkutano unatoa mapendekezo yake na uamuzi unakuwa wa Waziri.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kijiji kinachoombwa hekta 240 kina kura. Kinachoombwa hekta 260 kina maoni.

Kifungu kidogo cha 8 kinafaa kukaririwa na kila mjumbe wa serikali ya kijiji: ardhi haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kuilipa na muda wa kuilipa viwe vimekubaliwa. Vyote vinne. Mara nyingi huzungumzwa kiasi tu, muda ukaachwa uelee.

Hapo ndipo muhtasari wa mkutano unapokuwa na uzito. Kila ukurasa uwe na namba, tarehe na sahihi ya mwenyekiti na mtendaji. Orodha ya mahudhurio iwe na kichwa kinachotaja ajenda, kwa sababu karatasi ya majina isiyo na kichwa wala tarehe inaweza kubandikwa nyuma ya muhtasari wowote. Waliopinga waandikwe idadi yao na sababu zao, si "mkutano uliridhia" peke yake. Nakala moja ibaki kijijini, kwenye jalada, si kwenye begi la mtu.

Mita 300 zinazopotea

Migogoro mingi ya mipaka ambayo watu huiita hila huanzia kwenye ramani. Maelezo mengi ya mipaka ya hifadhi yalitegemea ramani za 1:50,000, na ramani hizo zimechorwa kwa datamu (msingi ambao namba za mahali hupimwa kutoka kwake) ya Arc 1960. Simu yako na GPS ya mkononi husoma WGS84. Chukua namba zilezile za kaskazini na mashariki, ziingize kwenye kifaa bila kubadilisha datamu, na utasimama karibu mita 300 kutoka mahali palipokusudiwa.

Mita 300 kwenye mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 ni safu 25 za miti.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kuanza kupima, timu iende kwanza kwenye alama inayojulikana, bikoni ya zamani yenye namba kwa mfano, na kifaa kisome pale. Namba zikipishana na za kwenye hati, kazi isimame hadi ijulikane kwa nini. Kisha kila pointi iandikwe pamoja na datamu yake na kanda yake ya ramani, ambayo kwetu Lindi na Mtwara ni UTM 37 Kusini. Kamati ya ardhi ya kijiji itembee mstari wote kwa miguu, si kuonyeshwa kwa kidole kutoka kwenye gari.

Mito ina tabu yake. Hati inaposema mpaka "unafuata mto", iulizwe kama ni ukingo huu, ukingo ule au katikati ya maji. Matandu, Mbwemkuru na Ruvuma hubadili mkondo mafuriko yakiwa makubwa, na mto ukihama, shamba linaweza kulala nje ya hifadhi likaamka ndani. Bikoni za zege kwenye ukingo wa juu, kila moja ikionekana kutoka kwa mwenzake, na mkuza, yaani ukanda mwembamba wa mpaka, uliofyekwa kati yake, huondoa ubishi kuliko mto wowote. Mkuza nao usipofyekwa misimu miwili mitatu, pori huufunika na ubishi unaanza upya.

Fidia yenyewe

Mafungu yanajulikana: thamani ya ardhi, thamani ya maendelezo (nyumba, visima, mazao ya kudumu), posho ya usumbufu, posho ya makazi, posho ya usafiri, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Tuchukue mfano wa kufikirika. Ardhi, nyumba na miti ya mtu vimethaminiwa jumla shilingi 20,000,000. Posho ya usumbufu hukokotolewa kwa kiwango cha riba ya amana za benki cha mwaka. Kikiwa asilimia 7, ni shilingi 1,400,000. Posho ya makazi ni kodi ya mwezi ya nyumba kama ile mara miezi 36, kwa hiyo nyumba ambayo ingepangishwa shilingi 30,000 inaleta 1,080,000. Usafiri huhesabiwa kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20.

Tatizo kubwa liko kwenye thamani ya ardhi. Bei ya soko hutafutwa kwa kulinganisha na mashamba yaliyouzwa jirani, na vijijini kwetu mashamba huuzwa kimyakimya, mara nyingi kwa mtu aliyekwama na ada au matibabu. Bei ya shida ndiyo inakuwa kipimo cha bei ya wote. Kijiji chenye daftari la mauzo ya ardhi lililojazwa vizuri kwa miaka kadhaa kinakuwa na hoja. Kisicho nalo hupangiwa.

Makosa mengine ni madogo lakini hukata watu. Choroko na mihogo iliyo chini ya mikorosho haihesabiwi kwa sababu timu ilikuja baada ya mavuno. Shamba la marehemu halina msimamizi wa mirathi, hivyo hundi inakaa bila mwenyewe. Jina la kwenye fomu linapishana herufi moja na la kwenye kitambulisho cha NIDA, benki inarudisha malipo. Shamba la mke limeandikwa kwa jina la mume kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo siku hiyo. Stakabadhi za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zisitupwe: zinaonyesha nani amekuwa akiuza korosho za shamba lile, tangu lini, kilo ngapi.

Na kabla ya kusaini fomu, mtu ahesabu miti yake mwenyewe. Ekari moja kwa nafasi ya mita 12 ina mikorosho kama 28. Ukikuta ekari tano zimeandikwa miti 90, simama hapo hapo uulize.

Msimu unaokufa katikati

Baada ya uthamini huja kipindi ambacho hakina jina kwenye jedwali lolote. Mtu ameambiwa asiendeleze. Asijenge, asipande miti mipya. Miti iliyopo inaruhusiwa kuhudumiwa, lakini nani anunue salfa kwa shamba ambalo amekwishaambiwa si lake?

Mkorosho hausubiri. Maua yanapotoka katikati ya mwaka, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, huingia. Mti mkubwa unahitaji karibu robo kilo ya salfa ya unga kila mzunguko, na mizunguko hurudiwa kila wiki mbili hivi hadi korosho zishike. Ukikosa mizunguko ya mwanzo, maua hunyauka yakawa kama yamemwagiwa majivu, na mavuno ya Oktoba hayapo. Usipofyeka chini ya miti, nyasi hukauka, na moto wa Agosti au Septemba unapita na matawi ya chini. Msimu mmoja wa kusubiri humpotezea mtu mazao ya mwaka. Miwili humpotezea shamba.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inatambua sehemu ya tatizo hili. Fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe. Ikizidi hapo, inazaa riba kwa kiwango cha amana za benki, na uthamini wenyewe hufa baada ya miaka 2, ikabidi kurudia. Kwa yule wetu wa shilingi milioni 20, riba ya asilimia 7 ni kama shilingi 117,000 kwa mwezi. Linganisha na korosho alizoziacha zikaungua. Tena riba hiyo isisubiriwe ije yenyewe, ni vizuri idaiwe kwa maandishi.

Lindi tunajua kusubiri kulivyo. Ardhi ya mradi wa gesi kule Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo ilikuwa na hati ya mwendelezaji tangu mwanzoni mwa 2016, na fidia ikaanza kulipwa 2020. Ule haukuwa mradi wa hifadhi, lakini mkorosho hautofautishi nani amechelewa kulipa.

Mita 500

Sasa nirudi kwa jirani.

Kanuni za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi zinampa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali malipo kwa ekari, yasiyozidi ekari tano, na kiwango hutegemea umbali kutoka mpaka wa hifadhi. Kwa viwango vya 2011, aliye mbali zaidi ya kilomita 5 alipata kikubwa, shilingi 100,000 kwa ekari. Kadiri ulivyosogea karibu na mpaka, ndivyo kilivyopungua hadi 25,000. Na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka halipati kitu.

Mantiki yake inaeleweka. Aliyekwenda kulima ukingoni mwa hifadhi alijua anakwenda wapi. Lakini mantiki hiyo inasimama pale tu ambapo mtu ndiye aliyeufuata mpaka. Mpaka ukimfuata mtu, inaanguka.

Mkulima aliyekuwa kilomita 3 kutoka ukingo wa zamani alikuwa anastahili kifuta jasho tembo akiingia. Hifadhi ikinunua mashamba yaliyokuwa mbele yake, siku ya kutangazwa anajikuta mita 200 kutoka ukingo mpya. Hajahama. Hajauza. Hajasaini kitu, kwa kuwa hakuna aliyemletea kitu cha kusaini. Haki yake ya kifuta jasho imekwisha, na wakati huohuo tembo wamekuwa karibu zaidi, kwa sababu yale mashamba yaliyokuwa kinga yake, yenye watu wanaokesha na kupiga madebe, sasa ni pori.

Hesabu ya eneo ni fupi. Kila kilomita moja ya mpaka mpya ina ukanda wa mita 500 nje yake, yaani hekta 50, au ekari zipatazo 124. Nyongeza yenye kilomita 20 za mpaka mpya inazaa ukanda wa hekta 1,000. Eneo hilo halimo kwenye tangazo, halimo kwenye jedwali la fidia, halimo kwenye hotuba. Ni ardhi ya kijiji kama kawaida, ila imepoteza sehemu ya thamani yake na hakuna aliyeipima.

Nimejaribu kuitetea hali hiyo kichwani mwangu. Nimejiambia kwamba serikali haiwezi kulipa kila anayeguswa, kwamba barabara nayo hubadilisha maisha ya majirani wasiolipwa. Lakini barabara huwapandishia ardhi yao bei. Mpaka wa hifadhi huishusha, na tena hushusha malipo ya hasara ambayo hifadhi yenyewe ndiyo chanzo chake. Hapo utetezi wangu ulikwama.

Umbo la nyongeza

Ukishaona ukanda, unaanza kuona kwamba umbo la eneo lina maana kuliko ukubwa wake.

Chukua hekta 2,000. Ukiziongeza kama kipande kinachoambaa na mpaka wa zamani, urefu kilomita 10 na upana kilomita 2, mpaka mpya wa nje ni kilomita 14: ule mrefu wa mbele na pande mbili fupi. Ukanda wake ni karibu hekta 700. Sasa zichukue hekta zilezile 2,000 na uzichomoze nje kwa upande wa kilomita 2, zikaingia ndani ya mashamba kwa kilomita 10. Mpaka mpya ni kilomita 22, na ukanda ni hekta 1,100. Ardhi iliyonunuliwa ni ileile, gharama ya fidia inaweza kuwa ileile, majirani wapya wameongezeka kwa zaidi ya nusu.

Na shoroba ndivyo zilivyo, ndefu na nyembamba. Maana yake ni kwamba nyongeza zenye faida kubwa zaidi kwa tembo ndizo zenye mzigo mkubwa zaidi kwa majirani. Hilo halinifanyi nizikatae. Linanifanya niseme bajeti ya ushoroba isiandikwe kama bajeti ya shamba la mraba.

Pia kuna mashamba yanayobaki mfukoni, yamezungukwa pande tatu na ardhi mpya ya hifadhi. Hayo yanunuliwe yote au mstari upindishwe. Kumwacha mtu mfukoni ni kumhamisha bila kumlipa, kwa sababu atahama tu, msimu wa pili au wa tatu.

Kulinda bila kununua

Huko Marekani, jimbo la New York lina bustani kubwa ya Adirondack, iliyoanzishwa 1892. Ndani ya mstari wake kuna karibu ekari milioni 6, na za serikali ni kama milioni 2.6 tu. Zinazobaki ni za watu na kampuni. Jimbo limekuwa likiongeza ardhi kidogokidogo kwa wanaotaka kuuza. Pengine halinunui ardhi yenyewe bali haki moja ndani yake: mwenye msitu anabaki na msitu wake na anaendelea kuvuna magogo kwa masharti, ila haki ya kuukata viwanja ameiuza milele. Analipwa kwa alichoacha.

Sisi tuna vyombo vyetu, na vingine vimekomaa hapahapa. Msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 unabaki mali ya kijiji. Kilwa, vijiji vikisaidiwa na shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009, vikawa vya kwanza Afrika kuwa na msitu wa asili unaosimamiwa na jamii wenye cheti hicho. Mpingo unauzwa kwa mita za ujazo, fedha zinaingia kijijini, na doria inafanywa na watu wenye sababu ya kuifanya. Liwale kuna jumuiya ya MAGINGO upande wa wanyamapori. Hakuna mahali kati ya hapo ambapo mpaka wa hifadhi ya taifa ulisogea mita 500 kumwelekea mtu.

Udhaifu wao naujua. Msitu wa kijiji unategemea soko la mbao, na jumuiya za wanyamapori zinategemea wawekezaji ambao wakikosekana, doria husimama. Mkutano mkuu ujao unaweza kugawa eneo lile kwa mashamba ya ufuta, na ufuta ukipanda bei jaribu hilo huwa kubwa. Kuna vipande vichache, kwenye maji na kwenye vivuko vya tembo, ambavyo kwa kweli vinahitaji ulinzi usiotegemea kura ya mwaka. Hivyo vinunuliwe. Vilivyobaki, tuanze na kijiji.

Orodha ya pili

Ninachopendekeza ni kwamba kila nyongeza ya hifadhi iwe na orodha mbili. Ya kwanza ni ileile ya wanaohama. Ya pili ni ya kila mwenye shamba ndani ya mita 500 nje ya mpaka mpya, jina lake, ekari zake, miti yake, na umbali wake wa zamani kutoka hifadhini.

Wa orodha ya pili si lazima alipwe kama anayehama. Cha kwanza anachostahili ni kubaki na haki ya kifuta jasho kwa umbali wake wa zamani, na hilo linahitaji kanuni kurekebishwa tu. Cha pili ni vifaa. Uzio wa mizinga ya nyuki kwa shamba la ekari moja unachukua mizinga 12 yenye nyuki na 12 ya bandia, ikipishana kila mita 10 kwenye waya mmoja, ili tembo akigusa waya mizinga yote itikisike. Hufanya kazi mizinga ikiwa na nyuki kweli, kwa hiyo kiangazi lazima kuwe na maji karibu. Mizinga mitupu ni mbao tu. Mwenye ekari kumi azungushiwe zile zenye chakula, korosho azikinge kwa kamba za katani zilizopakwa oili chafu na pilipili, ambazo hupakwa upya kila baada ya mvua. Cha tatu ni chaguo: ndani ya miaka miwili au mitatu, akiona hawezi, hifadhi iwe na wajibu wa kulinunua shamba lake kwa taratibu zilezile za wa orodha ya kwanza.

Najua kitakachoharibika. Habari za mstari wa pili zikivuja, watu watakimbilia kupanda miche na kusimamisha vibanda ndani ya ukanda. Kwa hiyo tarehe ya katazo, ambayo kinachoongezwa baada yake hakihesabiwi, iwe moja kwa orodha zote mbili, na picha ya setilaiti ya mwezi huo iwekwe kwenye jalada la kijiji kabla mthamini hajafika. Gharama nazo zitapanda, na pengine nyongeza nyingine zitaonekana ghali kiasi cha kuahirishwa. Zilikuwa ghali tangu mwanzo. Aliyekuwa akilipa ni jirani.

Liko jambo ambalo orodha hizi mbili hazilishiki. Kila anayekula ming'oko ya kuchemsha pembeni mwa barabara Mtwara au Lindi anakula kitu kilichochimbwa porini, mara nyingi na mama ambaye hana shamba ndani ya mstari wala nje yake. Anaingia na jembe, anafuata mzizi, anafukia shimo, anarudi na kapu. Pori likiwa hifadhi, yeye ni mvamizi. Ardhi ya pamoja ya kijiji fidia yake huenda kwa halmashauri ya kijiji, ikajenga darasa pengine, na darasa ni jema, lakini halimrudishii kapu. Kwake sijaona njia nyingine zaidi ya vibali vya kuingia, kwa miezi na maeneo yatakayotajwa kwenye mpango wa usimamizi wa hifadhi, viandikwe kabla ya tangazo kutoka.

Katika zile siku 90, ramani hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Kwa sasa huwa na mstari mmoja mwekundu. Serikali ya kijiji inaweza, bila kusubiri kanuni yoyote kubadilishwa, kumwomba mpima achore na wa pili, mita 500 nje ya ule wa kwanza, na kuwaita kwa majina wote walio kati ya mistari hiyo miwili waje kwenye mkutano.